Miezi minane Trabzon na sina rafiki Mturuki hata mmoja. Jumamosi tunaenda matembezi, nifanyeje?

Mtoto wa Kigombe (muuliza swali)

Habari za humu wadau. Naomba ushauri kwa waliosoma au wanaosoma Uturuki, hasa upande wa Karadeniz, yaani pwani ya Bahari Nyeusi, maana nasikia mambo ya Istanbul na ya huku hayafanani.

Niko Trabzon tangu Septemba, mwaka wa lugha kabla sijaanza uhandisi. Darasani tuko kumi na sita: Wasomali, Wayemeni, Wakazaki, Mwindonesia mmoja, Mrundi mmoja na mimi. Mchana tunakula meza moja, na jioni bwenini ni sura zile zile. Kituruki tunakizungumza sisi kwa sisi, kila mtu na makosa yake, na tunaelewana vizuri sana kwa makosa hayo. Waturuki ninaowajua kwa jina ni wawili, mwalimu na mlinzi wa bweni.

Jumamosi ijayo ofisi ya wanafunzi wa kigeni inatupeleka matembezi, mabasi mawili. Tunaenda Uzungöl, na wamesema muda ukitosha tutapita mashamba ya chai. Nataka safari hii nirudi nikiwa nimeongea na mtu. Oktoba tulienda kuona nyumba ya watawa ya Sumela, ile iliyobandikwa kwenye jabali kule Maçka. Pazuri mno. Lakini siku ile watu walinisimamisha mara saba kupiga picha na mimi, na mama mmoja alinishika nywele bila kuuliza. Nilitabasamu picha zote saba. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina. Kwenye basi nilikaa kiti cha nyuma na sikutaka kuongea na mtu.

Maswali yangu: mnaanzaje mazungumzo na mwenyeji mkiwa kundi la watu themanini? Akinikaribisha kwake niende? Nibebe nini? Kwetu Kigombe hauingii nyumba ya mtu mikono mitupu, na sijui huku ikoje. Mimi si mwongeaji, hilo nalo mlijue.

Mpemba wa Bursa

Pole ndugu yangu kwa zile picha, hata mimi zilinichosha mwaka wa kwanza.

La mikono mitupu ni kama kwetu tu. Hapa wanasema mtu haendi na mkono mtupu, wengi hupitia duka la vitamutamu wakabeba baklava. Mimi nilikwenda na karafuu za nyumbani. Mwenye nyumba alipofungua kifuko akasema "karanfil!", nikamwambia kwetu ni karafuu, na kutoka hapo hatukunyamaza tena. Tukaanza kuhesabu: sabun ni sabuni, saat ni saa, haber ni habari, dakika ni dakika, kahve ni kahawa, dükkân ni duka. Neno lililonigusa ni misafir. Kwao ni mgeni, kwetu ni msafiri. Neno moja la Kiarabu. Sisi tumelichukua kwa yule aliye njiani, wao kwa yule aliyefika mlangoni. Mgeni asiyealikwa humwita Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu, na si maneno matupu, nyumba nyingi wanayashika hasa.

Viatu vua mlangoni, utapewa ndapa za ndani. Wakikumiminia kolonya viganjani (maji yenye harufu ya limau) jipake mikono. Mwanamke asipokunyooshea mkono, wewe usinyooshe. Weka kiganja kifuani, inatosha.

Binti Mufindi

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili, na hiyo habari ya kiti cha nyuma imenirudisha mbali. Nilisoma hapo hapo Trabzon miaka mitano. Nitakueleza yangu kwa urefu, univumilie.

Mimi nimezaliwa Mufindi, kwenye chai. Mama yangu amechuma chai tangu kabla sijazaliwa. Anachuma kwa vidole, chipukizi na majani mawili, anatupia tenga mgongoni, na jioni linapimwa kwenye mzani. Asubuhi za Juni ukungu ukishuka humwoni aliye mstari wa pili, unasikia sauti yake tu. Nilipopata ufadhili wa kwenda Uturuki nilijua nimeiacha chai nyuma.

Sikujua kuwa Rize, mkoa unaopakana na Trabzon kwa mashariki, ni chai mlima hadi mlima. Mvua kule inapita milimita 2,000 kwa mwaka, hakuna sehemu ya Uturuki inayonyeshewa kuzidi pale. Mbegu zilitoka Batum, ng'ambo ya mpaka wa Georgia, na kiwanda cha kwanza kikafunguliwa mjini Rize mwaka 1947. Leo Waturuki wanatajwa kuwa wanywaji wa kwanza wa chai duniani ukigawanya kwa kichwa.

Mwaka wangu wa lugha, mwezi wa Mei, tulipelekwa kama mnavyopelekwa ninyi. Tukaingia bonde la mto Fırtına kuelekea Ayder, basi likasimama karibu na daraja la mawe ili tupige picha. Wenzangu wote wakakimbilia darajani. Mimi nikatazama juu ya barabara, nikaona wanawake watatu kwenye mteremko mkali, migongo imeinama. Kuinama kule nakujua. Ningekuwa kipofu ningekujua kwa mlio wa majani.

Nikapanda. Kwa mbali wakaacha kazi wakanitazama, na mimi nikasema maneno mawili aliyotufundisha mwalimu wiki ile: "Kolay gelsin."

Hayo ndiyo ninayotaka uyachukue Jumamosi. Kitabu kitakuambia maana yake ni "ije kwa urahisi". Mimi nakuambia maana yake ni "pole na kazi". Unamwambia yeyote uliyemkuta kazini: fundi viatu, mwenye duka, mfagizi, dereva, dada wa maktaba. Kituruki kimejaa maneno ya namna hii. Mgonjwa unamwambia geçmiş olsun, aliyepika unamwambia eline sağlık, mwenye duka jipya hayırlı olsun, mfiwa başın sağ olsun. Wasomali na Wakazaki wenzangu waliyakariri kama msamiati. Sisi tumekua nayo. Mtoto wa Kiswahili anajua kuwa huwezi kumpita mtu anayelima ukanyamaza. Huhitaji kuwa mwongeaji. Unahitaji kutompita mtu kimya, na hilo mama yako alikufundisha kabla hujaanza shule.

Mkubwa wao, mama wa miaka sitini na kitu, kitambaa kichwani, akajibu "Sağ ol kızım", asante binti yangu. Nikanyoosha mkono nikachuma chipukizi na majani mawili nikamwonyesha kiganjani. Akaniuliza nimejulia wapi. Nikasema kwa Kituruki changu cha kuvunjika kuwa mama yangu anafanya kazi hii. "Afrika kuna chai?" Kuna, nikasema, nyingi.

Wao hawachumi kwa vidole. Wana mkasi mkubwa wenye mfuko wa kitambaa ubavuni. Ukikata, majani yanaangukia mfukoni. Akanipa wa kwake na kunishika viwiko kunionyesha usawa wa kukata. Magunia yakijaa yanateremshwa kwa waya uliofungwa kutoka mlimani hadi barabarani, kwa sababu mteremko ule ukibeba gunia mgongoni magoti yanatetemeka. Akaniuliza theluji ikianguka sisi tunafanyaje, maana wao wanavuna mara tatu tu, kuanzia Mei hadi vuli, kisha majira ya baridi miti inalala chini ya theluji. Nikamwambia kwetu theluji haianguki, tunachuma mwaka mzima.

Akauweka mkasi chini. "Mwaka mzima? Na mgongo wa mama yako je?"

Mdogo wangu, nilikuwa na miezi minane kama wewe. Nilikuwa nimeulizwa kuhusu simba, kuhusu joto, kuhusu nywele zangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mgongo wa mama yangu. Nililia pale pale kwenye mteremko, na yule mama akanifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

Wakanichukua nyumbani, hatua mia moja hivi. Wakasonga kuymak, unga wa mahindi kwa siagi na jibini, ukiinua kijiko inavutika kama uzi. Ni ndugu wa ugali huyo. Waliniuliza kama ni Mwislamu nikasema hapana, mimi ni Mkristo, na mama akaniongezea siagi. Chai inakuja kwenye glasi ndogo yenye kiuno na hawaachi kujaza mpaka ulaze kijiko juu ya glasi. Hilo sikulijua, nikanywa glasi tisa.

Sasa kosa langu. Sikumwambia kiongozi wa msafara. Basi lilinisubiri dakika arobaini, watu walinitafuta mtoni wakidhani nimesombwa, na yule mto una nguvu. Kiongozi alinigombeza mbele ya wote na alikuwa na haki. Wewe ukitaka kuachana na kundi mwambie mtu unaenda wapi na utarudi saa ngapi, na uende na mwenzako mmoja. Mmoja, si kumi. Mkiwa kumi mtaongea ninyi kwa ninyi na mwenyeji atageuka mtazamaji.

Kuhusu picha. Wengi wao hawana nia mbaya, lakini kuchoka kwako ni kwa kweli na huna deni la kutabasamu. Nilijifunza kusema "Önce tanışalım", kwanza tufahamiane, halafu nataja jina langu na kusubiri la kwake. Anayetaka sanamu ataondoka. Anayetaka mtu atabaki, na mara nyingi picha yenyewe anaisahau. Na wakikuuliza "Nerelisin?", wa wapi wewe, usilichukulie kama wanakufukuza. Wanaulizana wenyewe kwa wenyewe hivyo hivyo, mtu wa Of anamuuliza wa Maçka. Jibu kwa ukamilifu: usiseme Afrika, usiishie Tanzania, sema Kigombe, mkoa wa Tanga, kando ya bahari. Jibu lenye kijiji linamfanya na yeye akutajie chake.

Yule mama nilimrudia Bayram, yaani Idi, ya mwaka ule na kila Bayram hadi nilipomaliza. Ukifika unaubusu mkono wa mzee na kuugusisha paji la uso wako. Mara ya kwanza nilipofanya, midomo yangu ilitamka shikamoo yenyewe.

Niko Istanbul, mwaka wa nne

Dada hapo juu amesema vyema na sipingi, ila kwa watakaosoma uzi huu wakiwa Istanbul niongeze la tahadhari. Maeneo ya watalii kama Taksim na Sultanahmet, kijana akikufuata mwenyewe barabarani kwa Kiingereza kizuri, akajifanya rafiki ndani ya dakika tano na kukuita mkanywe kitu mahali anapopajua yeye, kataa. Huu ni mtego wa siku nyingi, bili inakuja kubwa mno na mlangoni wamesimama watu. Kipimo changu ni nani kamfuata nani. Mtu uliyemkuta kazini kwake au mlangoni kwake ana majirani wanaomjua. Aliyekufuata barabarani humjui wewe, wala pale hakuna mwingine anayemjua.

Na jingine kwa upole: wapo watakaokuwa baridi kwako, na wachache watasema maneno mabaya. Nimeyasikia. Usiyapokee kama hukumu ya nchi nzima, lakini pia usijilazimishe kujifanya hayakuumi.

Mtoto wa Kigombe

Nimerudi wadau. Dada Binti Mufindi, shikamoo, na asante.

Mashamba ya chai hatukufika, ilinyesha tangu asubuhi. Uzungöl tumefika, ziwa lipo, msikiti ukingoni upo, ukungu umeshika misonobari kama kwenye picha. Lakini ni pa watalii hasa, maduka na hoteli, vibao vya Kiarabu kwa ajili ya wageni wa Ghuba, na kila uliyemwambia kolay gelsin alikuwa na foleni mbele yake. Niliwaambia watano. Walijibu vizuri na kazi ikaendelea. Nikaanza kukata tamaa.

Wakati wa kurudi mabasi yalisimama Sürmene watu wale pide, na wengine wanunue visu, mji ule unajulikana kwa visu. Mimi niliona milingoti upande wa bahari. Nikamuaga kiongozi, nikamwambia niko bandarini, saa moja tu, nikamchukua yule Mrundi tukashuka.

Mvua ilikuwa imekatika. Wazee watatu wamekaa juu ya rundo la nyavu, wanashona. Kumbe kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti uvuvi wa nyavu kubwa umefungwa kisheria ili samaki wazaliane, ndiyo maana Mei boti zote zimefungwa na watu wanashona. Baba yangu ni mvuvi. Nimeshona wavu wa jarife naye tangu nina miaka sita, mimi nashika na yeye anapiga fundo.

Nikasema kolay gelsin. Wakaitikia. Nikachuchumaa, nikaushika wavu pale palipochanika, na yule wa kati akanitazama mikono, hakunitazama uso. Akanipa sindano. Ni ile ile, dada! Ya plastiki, ya baba ni ya mti aliyochonga mwenyewe, lakini umbo ni moja, uzi unazungushwa vile vile. Nikaziba macho sita ya wavu. Akayavuta moja moja kwa kidole kuona kama fundo limekaza, kisha akasema neno kwa wenzake na wakasogea kunipa nafasi.

Tulikaa dakika hamsini. Sikuongea sana, na wao hawakuongea sana. Wananiuliza kitu, najibu, kimya, tunashona. Sijawahi kustarehe hivyo tangu nimekuja nchi hii. Niliwaonyesha kwenye simu ngalawa ya baba, wakabishana muda mrefu kuhusu yale matengo mawili ya pembeni. Wakaniuliza dagaa tunawaitaje. Wao wana hamsi, samaki mdogo kama dagaa, na wanavyomtaja ungedhani wanataja mtoto wa familia. Mwenzangu Mrundi naye akachangamka kuwaeleza ndagala wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa usiku kwa taa.

Hakuna aliyeomba picha. Wakati wa kuaga nikaomba mimi. Mzee wa kati akasema nirudi Jumamosi nyavu bado nyingi, na jina langu analitamka sawasawa.

Ila kuna kitu kinanisumbua, dada, nakuuliza wewe maana umekaa huku. Kila mara aliniita "uşağum". Nilipofika bwenini nikafungua kamusi: uşak, mtumishi wa nyumbani. Nimelala nikiligeuza neno hilo. Niliona tumekaa vizuri. Sasa sijui nirudi au nisirudi.

Binti Mufindi

Marahaba mdogo wangu. Rudi!

Kamusi yako imeandika Kituruki cha vitabuni. Kwa watu wa Karadeniz uşak ni mtoto, kijana wa nyumbani, na uşağum ni "mwanangu" kwa lafudhi yao. Mjukuu wa yule mama yangu wa chai, aliyezaliwa mbele ya macho yake, aliitwa hivyo kutwa nzima: uşağum njoo ule, uşağum vaa viatu. Muulize mwalimu wako Jumatatu, kama ni mtu wa huko atacheka kwa furaha.

Jumamosi chukua karafuu kama unazo, kama huna nenda na nusu kilo ya baklava. Akikuita uşağum mwitikie "Buyur dayı", yaani naam mjomba. Na ile sindano ya mti ya baba yako, muombe baba akutumie picha yake. Wazee wale watataka kuiona.